Hoteli ni Mali Yako, Benki ni Amana ya Watu

Mazungumzo na wanafunzi wa Mzumbe



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya matajiri, nanyi mnasomea uhasibu, ugavi na uendeshaji wa biashara hapa chini ya milima ya Uluguru. Tumemchagua Sudhir Ruparelia wa Uganda, mwenye Speke Resort ya Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, nje kidogo ya katikati ya jiji la Kampala. Si mtu wa dini yetu, wala hatukuja kumsifu au kumshutumu. Tumemchagua kwa kuwa maisha yake yamepita katika aina mbili za mali: ile ambayo mtu anaimiliki, na ile ambayo mtu ameshikishwa tu. Hizi mbili vijana wetu huzichanganya mno.

Alizaliwa mwaka 1956 upande wa Kasese, magharibi ya Uganda, katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. (Mwaka huo huo ndipo chuo hiki chenu kilipofanywa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo.) Kijana huyo wa miaka kumi na sita akafika Uingereza, akafanya vibarua vya viwandani na madukani, akaendesha teksi. Mwaka 1985 alirudi Uganda na, kwa maelezo yake mwenyewe, dola 25,000 za Marekani mkononi.

Tafadhalini uzingatieni mwaka huo. Uganda ilikuwa vitani, na mwenye uwezo wa kuondoka alikuwa akiondoka. Yeye aliingia. Alianza kwa kuuza bia, biashara ambayo sisi hatuihalalishi na hatuna la kuongeza juu yake. Serikali ilipokuja kuruhusu maduka ya kubadilisha fedha, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kulifungua. Faida aliyoipata hakuiacha ikae katika makaratasi; aliigeuza kuwa ardhi na majengo, wakati ambapo bei ya kiwanja mjini Kampala ilikuwa bado ndogo. Akaipata Speke Hotel, hoteli kongwe ya mjini, kisha akajenga Munyonyo.

Hoteli ya kifahari si biashara ya mwenye haraka. Chumba kilicholala kitupu leo hakiuziki kesho, ilhali mishahara, umeme na matengenezo hudaiwa vilevile, mgeni awepo asiwepo. Kwa hiyo hoteli kubwa huishi kwa mikutano, ambayo hujaza mamia ya vyumba kwa mara moja. Munyonyo ilipanuliwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007, na serikali ya Uganda ikawa mbia mdogo katika sehemu ya mradi huo. Julai 2010 wakuu wa Umoja wa Afrika walikutana hapo. Hapa hekima yake haina ubishi: alijenga ukumbi kabla ya kuwaona wageni. Nasi tunaongeza kwa insafu kwamba kuwa karibu na serikali ni mtaji pia, mtaji ambao kijana anayetoka Mlali au Mgeta hana. Asiyelitaja hilo anawadanganya vijana.

Sasa tuje kwenye benki, na hapa ndipo tunapowaombeni utulivu. Mwaka 1995 alianzisha Crane Bank, nayo ikakua hadi kuwa miongoni mwa benki kubwa za nchi ile. Mwenye hoteli akikosea hesabu hupoteza chake, na wanaomdai humfuata yeye. Lakini fedha zilizomo katika benki, sehemu kubwa si za mwenye hisa. Ni za mwalimu, mchuuzi na mjane. Wanazuoni wa fiqhi hutofautisha wadia, yaani kitu ulichopewa ukihifadhi bila kukitumia, na qardh, kitu ulichopewa ukakitumia nacho kikawa deni katika dhima yako. Amana za benki, kwa uhakika wake, ni za namna hii ya pili. (Suala la riba lina kikao chake, leo tunazungumzia dhima.) Ndiyo maana sheria ya Uganda ya mwaka 2004 haimruhusu mtu mmoja kumiliki zaidi ya asilimia 49 ya hisa za benki, ilhali hoteli anaweza kuimiliki yote.

Tarehe 20 Oktoba 2016 Benki Kuu ya Uganda iliichukua Crane Bank, ikisema mtaji wake umepungua kupita kiasi. Januari 2017 ikaikabidhi kwa benki ya dfcu, na wenye akaunti wakahamia huko pamoja na fedha zao. Benki Kuu ikamshitaki Sudhir, ikidai kwamba shilingi za Uganda bilioni 397 zilitolewa isivyo halali. Yeye alikana. Mwaka 2019 mahakama iliitupa kesi kwa hoja kwamba benki iliyo chini ya mfilisi haikuwa na haki ya kushitaki, na Februari 2022 Mahakama ya Juu ikaifunga. Angalieni vyema: mahakama haikufika kwenye swali la fedha zilikwenda wapi. Anayesema amethibitika kuwa mwizi amesema uongo, na anayesema hesabu zake zimethibitika kuwa safi naye hana ushahidi.

Na mlinzi je? Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Uganda alichunguza jinsi Benki Kuu ilivyozifunga benki saba, na Bunge likaijadili taarifa hiyo. Ilionekana kwamba kumbukumbu muhimu hazikuwepo, na orodha za mali za baadhi ya benki hizo hazikupatikana. Katika saba hizo imo Greenland Bank, iliyofungwa mwaka 1999, benki ya Dakta Sulaiman Kiggundu, ndugu yetu Mwislamu aliyepata kuwa Gavana wa Benki Kuu hiyo hiyo. Waislamu wengi wa Uganda waliona wamedhulumiwa. Lakini kipimo tunachomtakia Sudhir ndicho tumtakie Kiggundu: daftari liletwe, lisomwe mbele ya watu. Pasipo daftari kila kundi hubaki na riwaya yake.

Baadhi yenu mtakwenda kuzishika orodha hizo, katika halmashauri, katika benki, pengine katika Benki Kuu ya nchi yetu. Mtakapoambiwa mwandike hesabu ya mali kabla milango haijafungwa, kumbukeni kwamba Kampala kesi ya mabilioni ilikwisha bila swali lake kujibiwa.

Sudhir hakufilisika. Januari 2024 wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikutana Munyonyo, katika kumbi zake. Matawi ya Crane Bank yalikuwa na miaka saba tangu yabadilishwe jina.