Haki ya Jirani



Haki ya jirani twaijua sote. Lakini jirani akiwa ni kiwanda, nani atampigia hodi? Huko Kenya, watu wa Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge mjini Mombasa, walipiga. Kiwanda kimoja kiliyeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi, na sumu yake ikawafikia majumbani. Bibi Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, alikuta risasi damuni mwa mwanawe mchanga. Akawakusanya majirani, wakaandamana, watoto wengine wakapimwa. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 rufaa ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Subira iliyoje!

Sisi, kwa kiwanda kilicho nyuma ya msikiti wetu, tumeandika barua moja tu, tena bila ya ushahidi. Naomba Chama kiteue watu watatu, akina mama wawemo, wapite nyumba kwa nyumba kuandika wagonjwa na kupeleka maji ya mfereji yakapimwe. Daftari ninalo, baada ya Isha nitakuwa barazani.