Familia ni Watu Wangapi?

Maneno ya mwalimu, kwa niaba ya walimu wenzake, katika mkutano wa kufunga mwaka 2025, Kabingo, Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale



Barua ya mwaliko ilisema saa tatu asubuhi. Waliofika saa tatu walikuwa wawili: mgeni wa shirika, na mbuzi wa jirani. Sasa ni saa sita, tumejaa, na kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba yeye alikuwa njiani tangu asubuhi. Nakivale ni kubwa, kweli, lakini haijawa kubwa kiasi hicho.

Tumepewa dakika kumi. Kumpa mwalimu dakika kumi ni kama kumpa Mkongomani nusu sahani: atashukuru kwa adabu, kisha atarudi kwenye sufuria. Tutajitahidi.

Mwaka huu haukuwa mwepesi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimekwisha kugawa masufuria yao zikaenda kuyaomba tena kwa majirani. Mwezi huo huo vita vikaingia Goma, Februari vikafika Bukavu, na ndugu zetu wapya wakaanza kuvuka mpaka. Kufikia Mei, WFP ilikuwa imewaondoa watu wapatao milioni moja kwenye mgao wa chakula katika Uganda nzima. Mnayajua hayo, mliyala, au tuseme hamkuyala. Hatukuja kuyalilia. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kimoja kilichobaki mikononi mwetu, yaani familia zetu na karamu zetu.

Tuanze na familia. Kila nyumba hapa ina ile karatasi tunayoiita atestesheni. Karatasi inasema watu saba, na siku ya mgao watu ni saba. Usiku mtoto akishikwa na homa, watu wanakuwa kumi na watatu, kwa sababu majirani wameamka. Siku ya kufua hawazidi wawili. Siku ya sherehe ni arobaini, na watano kati yao hakuna awajuaye, ila wanakula kwa utulivu wa watu wa ukoo.

Afisa huuliza kwa upole, "Huyu ni nani wako?" Mama anajibu, "Ni mwanangu." "Ulimzaa wewe?" "Hapana, alimzaa mdogo wangu." Afisa anashusha kalamu na kumtazama. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika watuelewe hapo. Mama huyo hajasema uongo. Kwetu mdogo wa mama ni mama mdogo, na mtoto wa mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja. Fomu inahesabu waliolala chini ya bati moja, sisi tunahesabu watakaokuja tukifiwa. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini hazifanani, na sisi walimu wa hesabu tunakiri kwamba ya pili haifundishiki ubaoni.

Ndani ya nyumba nako mambo yamegeuka. Baba aliyekuwa na moto na ukali huko kwao, hapa anamuuliza binti wa miaka kumi, "Huyu mwenye duka anasema nini?" Watoto wameshika Kinyankole, Kiingereza, Kiswahili na Kisomali cha kununulia sukari, nasi tumekuwa wanafunzi wao. Mwanafunzi aliyeshika lugha huweza kuitumia. Muhula uliopita tulimwita mama wa mtoto mmoja ambaye hakufika darasani siku sita. Tulieleza kwa Kiingereza, kijana mwenyewe akamtafsiria mama yake. Mama akatabasamu, akatushika mikono yote miwili, akatubariki kwa muda mrefu. Kesho yake akatuletea mayai matatu. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tafsiri ilikuwa nzuri kupita hotuba yenyewe.

Sasa tuje kwenye karamu. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na tangu hapo imepokea watu wa mataifa mengi. Mtu asiye na nauli ya kwenda Mbarara aweza kutembea kwa miguu na kuhudhuria karamu za nusu ya Afrika.

Kwa Wanyarwanda, nenda ukiwa umeshiba. Wasemaji wa pande mbili wataketi wakishindana kwa maneno matamu, mmoja akijifanya hajui wageni wamefuata nini, na mwingine akijifanya amepotea njia, hali mbuzi wamekwisha kuchinjwa. Kwa Warundi mtaketi mkizunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake, na ukivuta kwa pupa wazee watakuona. Kwa Wasomali utapewa pilau na ndizi mbivu juu ya sahani moja. Usiiweke ndizi kando ukidhani ni ya baadaye. Ni ya pale pale. Kwa Wahabeshi kahawa huletwa mara tatu, na anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza amefanya kama mtu aliyesalimia dirishani. Wenyeji wetu Wanyankole wakimtoa binti yao watakupa obushera na eshabwe, na vitu anavyosindikizwa navyo bibi arusi vitahesabiwa mbele ya watu mpaka jua litue. Na kwa Wakongomani? Kwa Wakongomani kuna muziki, kuna sombe, na kuna kitenge cha sare.

Katika hili la sare hatuko peke yetu duniani. Wanijeria tunawaona kwenye filamu za vibanda vya video, ambamo mtafsiri wa Kiganda hupiga kelele kuliko wachezaji wenyewe. Wayoruba wana desturi iitwayo aso ebi, maana yake nguo ya ukoo: kila aalikwaye hununua kitambaa kile kile, na desturi hiyo wameibeba mpaka London na Houston. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Wakongomani ndio walioanzisha ugonjwa huu, mwambieni una ndugu mbali.

Ndugu zetu waliokwisha kupelekwa Marekani nao hawakuacha. Ila wanatueleza kwamba huko ukumbi hukodiwa kwa saa. Saa ikifika, mwenye ukumbi anawasha taa zote na kukunja viti, hata kama shangazi bado ameshika kipaza sauti. Huko jirani akisikia ngoma hapigi makofi, anapiga simu kwa polisi. Ndiyo maana wengi wao hutuomba tuwaonyeshe sherehe zetu kwa simu. Mwezi wa Agosti tulishuhudia mahari ikijadiliwa namna hiyo. Mkubwa wa ukoo wa bibi arusi alikuwa Kentucky, wajomba walikuwa hapa. Mzee akatamka kwa sauti nzito, "Tunataka ng'ombe kumi na..." na mtandao ukakatika. Uliporudi lilisikika neno moja tu, "wawili." Upande wa bwana arusi ukashangilia na kusema umesikia wawili. Upande wa bibi arusi ukasema ni kumi na wawili. Ubishi ukachukua saa mbili nzima, juu ya ng'ombe ambao hakuna hata mmoja kati yetu aliye na mahali pa kuwalisha.

Tumecheka, na ni vizuri. Sasa mtuvumilie kidogo.

Mama mmoja mjane wa kijiji chetu, jina lake tunaliacha, alialikwa kwenye arusi ya jirani. Familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizoondolewa kwenye mgao. Hakuna aliyemlazimisha kununua sare. Lakini mnajua jinsi isivyo lazima: asiyevaa huketishwa nyuma, hapigwi picha, na sahani humfikia ikiwa na mchuzi bila nyama. Alikuwa na majembe mawili. Akauza moja. Arusi ilipendeza sana, na picha zake zilifika Kentucky kabla sisi hatujafika nyumbani. Mvua ya Septemba iliponyesha, jembe moja likawa na zamu za watu wanne, na shamba likapandwa nusu. Kitenge bado ni kizuri. Watoto hawawezi kukila.

Wapo watakaosema basi sherehe zikome mpaka hali itengemae. Sisi tunakataa. Wale waliokuja kutoka Goma mwezi wa Februari, wengine wakiwa wamewaacha maiti wao bila kuwazika, sufuria ya kwanza waliyoiona hapa kijijini haikutoka kwenye ghala lolote. Ilitoka kwa Warundi wa nyumba ya pili. Usiku ule tuliwakalia matanga watu ambao hatukuwajua na ambao hawakuwa na kaburi. Mzee wa Kihabeshi alileta kahawa, mama wa Kisomali akaleta chai ya maziwa, nao wageni wakalia mpaka wakalala. Hakuna fomu iliyojazwa. Mtu aliyekaliwa matanga namna hiyo hawi tena mgeni. Hiyo ndiyo kazi ya mikusanyiko yetu, nayo ni mgao usiopunguzwa na mkutano wa nchi yoyote. Ndiyo maana haifai mgao huo ugeuke kuwa deni.

Tena dawa tunayo hapa hapa. Wakongomani wana likelemba, Wanyarwanda na Warundi wana vikundi vyao vya akiba, Wasomali wana hagbad. Wahabeshi wamewazidi wote kwa utaratibu, kwa kuwa wana chama cha mazishi wanachokiita idiri. Kila nyumba hutoa kiasi kidogo kilicho sawa kila mwezi, tajiri na maskini. Chama huwa na mahema, mabenchi na vyungu vyake. Msiba ukitokea, mfiwa hakodi kitu, wala hahesabu nani alileta na nani hakuleta. Analia tu, kama inavyompasa.

Kwa hiyo walimu wenu wanatoa maombi manne kwa kamati, ili yajadiliwe kabla ya mvua za Machi.

La kwanza, kila kijiji kiwe na chama cha namna hiyo, kwa misiba na kwa furaha pia. Mchango uwe mdogo na ulio sawa, uandikwe kwenye daftari, na daftari lisomwe mbele ya watu. Asiye na pesa alete kuni, au maji, au kazi ya siku moja, na jina lake liandikwe kwenye ukurasa ule ule.

La pili, tununue vyombo vya pamoja polepole: mwaka huu turubai, mwaka ujao masufuria makubwa. Tukihesabu tulizolipa kukodi viti peke yake, tungekuwa tumekwisha kuvinunua, pamoja na mtu wa kuvibeba.

La tatu, sare iwe hiari ya kweli. Kipande cha kitambaa kilichofungwa mkononi kinatosha kumwonyesha bibi arusi kwamba tunampenda. Mwenye sare na asiye na sare waketi mkeka mmoja, na nyama igawiwe kwa macho yaliyofumbwa.

La nne, saa nane iwe saa nane, na watoto wale kwanza. Mtoto aliyeshiba hukaa kimya wakati wa hotuba, na hilo ni kwa faida ya wasemaji wenyewe.

Kwa wageni wetu wa mashirika tuna neno moja. Mkipita barabarani mkasikia ngoma, mkaona sufuria kubwa inachemka, msiandike kwamba watu hawa wana ziada. Shukeni garini. Mtakuta ndani ya sufuria ile maharage ya nyumba arobaini, kikombe kimoja kimoja. Na mtakaribishwa, hata kama mmefika saa ile iliyoandikwa kwenye barua.

Ndugu zetu, mwaka 2026 hatujui utatuletea nini: kurudi nyumbani, kwenda mbali, au kubaki hapa tukipanda mahindi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wakikuuliza tena familia yako ni watu wangapi, jibu saba kama karatasi inavyosema, maana sheria ni sheria. Kisha nenda nyumbani ukamgongee jirani yako mlango, uone kama amekula.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya kwa wote. Dakika zetu zilikwisha zamani. Mwenyekiti amekwisha kutukoholea mara tatu.