Barua Yenye Sahihi na Barua Yenye Kufuli

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi baada ya mkutano wa mwezi



Tumeombwa tueleze jinsi sisi wa ofisi ya tawi tunavyozitia sahihi barua-pepe zetu na kuzifunga. Sisi si mafundi wa kompyuta. Sisi ni watu wa reli, na haya tumejifunza kwa kukosea.

Mnaikumbuka ile barua ya kura. Ilikuja kwa jina la katibu wetu, ikasema mkutano umeahirishwa. Wenzetu wa zamu ya usiku wakaenda kulala. Kumbe mkutano ulikuwapo, kura ikapigwa bila wao, na madai yetu ya saa za ziada yakaanguka. Katibu hakuiandika barua ile. Jina lililo juu ya barua-pepe ni kama jina lililo nyuma ya bahasha: mtu aweza kuandika apendalo. Dereva kwenye njia moja haondoki stesheni kwa sababu amesikia mtu akipiga kelele "Nenda!" Ataka kibali mkononi. Nasi tulitaka kibali cha barua.

Kibali hicho hutengenezwa na programu ya bure iitwayo GnuPG, iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Koch, na toleo lake 1.0 likatoka 1999. Yafuata njia ya PGP, ambayo Phil Zimmermann wa Marekani aliitoa 1991. Ukiandika gpg --full-generate-key utapata funguo mbili. Mmoja ni wa siri, haukutoki. Wa pili ni wa kugawa, na huo ni kama kufuli zilizo wazi unazowapa watu wote: yeyote aweza kukufungia sanduku, wewe peke yako ulifungue. Sahihi huenda kinyume chake. Ufunguo wa siri huitia, na ule wa kugawa huithibitisha. Herufi moja ikibadilishwa njiani, sahihi yakataa.

Barua zenyewe twazisoma kwa Mutt, programu ya 1995 ya Michael Elkins. Haina picha wala mapambo, ni maandishi matupu, na vijana wametucheka sana. Lakini kompyuta ya tawi ni kuukuu, nayo Mutt haiilemei. Tena, 2018 wataalamu wa Ulaya walionyesha kwamba programu kadhaa zinazoonyesha barua za mapambo zaweza kudanganywa, zikatoa nje maneno yaliyokwisha kufunguliwa. Waliocheka hawakucheka tena siku tulipowaeleza hilo.

Katika faili iitwayo .muttrc tuliandika mistari hii:

set crypt_use_gpgme=yes
set pgp_default_key="namba ya ufunguo wetu"
set crypt_autosign=yes
set crypt_replyencrypt=yes
set pgp_self_encrypt=yes

Wa kwanza huiunganisha Mutt na GnuPG. Wa tatu hutia sahihi kila barua bila kukumbushwa, na wa nne hulifunga jibu la barua iliyokuja imefungwa. Wa tano tuliudharau, tukaona haya. Tulimwandikia wakili barua ndefu ya madai, tukaifunga kwa kufuli yake peke yake. Juma lililofuata tulitaka kutazama tuliyoandika, tusiweze kuifungua nakala yetu wenyewe! Mstari huo hufunga kwa kufuli yetu pia.

Barua ikiisha, kabla ya kubonyeza y ipelekwe, bonyeza p. Kisha e ni kuifunga, s ni kuitia sahihi, b ni yote mawili. Kwenye orodha ya barua zilizofika, S kubwa yaonyesha sahihi imethibitishwa. S ndogo yaonyesha sahihi ipo, bado haijathibitishwa. Msiichukue ndogo kuwa kubwa.

Lakini angalieni, kichwa cha barua kwa kawaida hakifungwi, wala jina la mwenye kupelekewa. Ukiandika juu "Habari ya mgomo", umekwisha kusema. Sisi huandika "Salamu" tu.

Sasa lililo zito. Mwandishi wa barua ile ya uwongo aweza kutengeneza ufunguo leo, akauita jina la katibu. Kompyuta haitamwuliza kitambulisho. Kwa hiyo ufunguo usikubaliwe kwa sababu umefika kwa barua. Andika gpg --fingerprint, utaona alama zake, herufi na tarakimu 40. Mwenye ufunguo azisome kwa mdomo wake mbele yako, nawe ufuatishe kwa kidole moja moja. Ni kazi ya kuchosha, twakiri. Za katibu zimebandikwa ubaoni kwa mkono wake.

Ufunguo wa siri una neno la siri, na neno hilo lisiandikwe chini ya kibodi, kama tulivyokuta mahali fulani. GnuPG za siku hizi hutengeneza pia hati ya kuufuta ufunguo ukiibiwa, huiweka katika folda ya openpgp-revocs.d. Yetu tumeichapa kwenye karatasi, iko ndani ya sanduku la mweka hazina, kwa maana atakayeipata aweza kuuua ufunguo wetu.

Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi tutakuwa ofisini. Kila mjumbe aje na kitambulisho na alama zake 40 kwenye karatasi. Wa zamu ya usiku watahudumiwa kwanza, wapate kwenda kulala.