Nyumba Huuzwa, Haichezewi Kamari

(Hotuba kwa Waislamu wa Jinja na Mbale)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake milango mingi ya chumo la halali. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, liko suala ambalo yapasa lijibiwe kabla halijawa mazoea. Mtu ana nyumba yake Jinja. Watoto wake wamehamia Mbale, naye ataka kuwafuata. Amemwendea dalali, na miezi imepita. Wanunuzi waja, watazama, wasifu, kisha wataja bei isiyotosha hata kupata kiwanja chini ya mlima Wanale. Ndipo rafiki humwambia: "Chapisha tikiti, uwauzie watu wengi, kisha itolewe moja. Mwenye nambari hiyo atwae nyumba." Je, jambo hilo lafaa?

Shauri hili si geni duniani. Mwaka 2017, huko Melling katika jimbo la Lancashire, Uingereza, mwenye jumba lililokosa mnunuzi aliuza tikiti kwa paundi 2 kila moja, na jumba likachukuliwa na aliyeshinda. Lakini lililofanyika kwingine si hoja kwa Mwislamu. Hoja ni sheria ya nchi anayokaa, na juu yake sharia ya Mola wake.

Ama sheria ya nchi, Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari ya Uganda ya mwaka 2016 haimruhusu mtu kuendesha bahati nasibu pasipo leseni. Kumiliki nyumba hakumpi mtu leseni hiyo. Tena Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, haikubali ardhi ambayo jamaa huishi juu yake iuzwe, ibadilishwe au itolewe pasipo idhini ya mume au mke. Na mjini Jinja zimo nyumba nyingi zilizokuwa za Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, ambao sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia njia ya kudai mali zao. Hati za nyumba kama hizo zahitaji kutazamwa kwa makini. Mnunuzi wa kweli huenda ofisi ya ardhi, huichunguza hati, huwauliza majirani. Mwenye tikiti ya shilingi 50,000 atachunguza nini? Huenda akashinda kesi, asishinde nyumba.

Ama sharia ya dini, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, akaamrisha ziepukwe, akabainisha kuwa kwazo shetani hutia uadui kati ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mungu wala wasisali. Na kamari ni nini? Ni kila mtu kutoa mali yake, kisha mmoja akapata kwa hasara ya wengine, pasipo kazi wala badala.

Na ichukuliwe mfano. Nyumba yastahili shilingi milioni 80. Zauzwa tikiti 2,000, kila moja shilingi 50,000. Zakusanyika milioni 100. Mwenye nyumba amepata milioni 20 juu ya thamani ya mali yake. Mmoja amepata nyumba kwa shilingi 50,000. Na watu 1,999 wamekwenda zao mikono mitupu. Miongoni mwao yumo mjane aliyetoa karo ya mwanawe. Kila atakapopita mbele ya nyumba ile, moyo wake utasema nini juu ya jirani yake? Huo ndio uadui uliotajwa.

Tena Mtume (S.A.W.) amekataza mauzo ya gharari, yaani yasiyojulikana mwisho wake, na mauzo ya kurusha kijiwe, ambayo kijiwe ndicho kilichoamua nini kimeuzwa. Tikiti ni kijiwe cha karatasi.

Huenda mtu akasema: "Lakini wote wameridhia." Ridhaa ni sharti la biashara halali, wala haihalalishi haramu. Wawili wakiridhiana riba, riba haigeuki kuwa faida njema. Mwingine atasema: "Sehemu ya fedha itajenga msikiti." Waarabu wa zama za Jahiliya walicheza kamari kwa nyama ya ngamia, kisha wakawagawia maskini. Juu ya hayo, Suratul Baqara, aya ya 219, imeeleza kuwa dhambi ya kamari ni kubwa kuliko manufaa yake. Na wa tatu atasema: "Mtume mwenyewe alipiga kura." Ni kweli, alipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri. Lakini kura ile ilikuwa baina ya wenye haki sawa, wala hakuna aliyelipa ili aingie, wala aliyepoteza mali yake. Warithi wanaogawana vyumba vilivyo sawa nao waweza kupiga kura. Kura hugawa haki. Kamari hula haki.

Basi mwenye nyumba afanyeje? Auze kwa mnada mbele ya watu, kwani imepokewa kuwa Mtume aliuza kwa mnada vitu vya Ansari mmoja aliyekuwa fukara. Au auze kwa malipo ya muda, bei moja iliyokatwa, pasipo riba, iandikwe na kushuhudiwa. Au, ikiwa wenye fedha kidogo ni wengi, washirikiane watu 20 kuinunua, kila mmoja amiliki fungu lake na apate sehemu yake ya kodi. Hapo wengi wametoa kidogo, na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Na aliyekwisha kuuza tikiti, na awarudishie wenyewe fedha zao kabla ya siku ya kutoa nambari. Heri nyumba ikae miaka miwili bila mnunuzi, kuliko mtu kuingia Mbale na mali ya watu 1,999 mfukoni.

Mwenyezi Mungu atubariki katika halali yake. Wabillahi taufiki. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.