Mpe Mwanafunzi Mtaa Wake Auchore

Mwalimu wa jiografia unayetusikiliza, mpe mwanafunzi mtaa wake auchore. Skeli, dira na alama za ramani humkaa kichwani akizitumia mahali anapopajua. Ushahidi upo Dar es Salaam. Mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko. Walipita mitaani, wakachora barabara, majengo na mifereji. Wakazi walijua maji hufika wapi, jambo ambalo picha ya angani pekee haisemi. Kwa kiwango kidogo, hata wanafunzi wa sekondari wanaiweza kazi hiyo.

Wapo watakaosema vifaa hakuna, na mtihani umekaribia. Hoja ya muda ina uzito. Lakini usomaji wa ramani umo katika mtihani huohuo, na vifaa vya kuanzia ni karatasi, penseli na hatua za miguu. Basi wiki hii, chagueni eneo moja jirani na shule. Mwombeni ruhusa mwenyekiti wa mtaa. Pimeni kwa hatua, choreni, kisha waulizeni wazee wa hapo mmesahau nini. Narudia: mpe mwanafunzi mtaa wake auchore. Ramani ikikamilika, nakala moja ipelekeni ofisi ya serikali ya mtaa.