Nguvu ya Taa na Uimara wa Plombaji ya Resini katika Kliniki za Goma

Sehemu ya kwanza ya mada niliyopewa ni maelezo ya resini yenyewe, nami nitaipita haraka kwa kuwa wote tuliomo humu tunaishika kila siku. Ni utomvu wa plastiki uliochanganywa na chembe za kioo, zao la kazi ya Mmarekani Rafael Bowen mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hukaa laini hadi imulikwe kwa mwanga wa buluu wa nanomita 470 hivi, kisha hugeuka kuwa ngumu. Hayo yanatosha.

Linalostahili muda wetu ni plombaji inayotoka mapema. Tafiti za muda mrefu hutaja sababu kuu mbili: jino kuoza upya pembeni mwa plombaji, na plombaji kuvunjika. Sisi hulaumu sukari, mate au chapa ya resini, na hatukosei kabisa. Lakini kuna sababu moja iliyo mikononi mwetu ambayo hatuipimi: nguvu ya taa. Taa ya miliwati 800 kwa sentimita ya mraba, ikimulika sekunde 20, hutoa juli 16, kiasi kinachotosha resini nyingi kwa tabaka la milimita 2. Ikishuka hadi miliwati 400, sekunde zilezile hutoa nusu tu. Ubaya ni kwamba uso hukauka hata kwa mwanga hafifu. Ukigonga kwa kifaa unasikia ugumu, mgonjwa anauma karatasi, analipa, anakwenda zake. Huku chini, karibu na dentini, resini bado mbichi na gundi haikushika. Jicho haliwezi kutambua tofauti hiyo, na ndiyo maana sipendi kusikia eti "taa inawaka" kana kwamba ni kipimo.

Wapo watakaosema taa za siku hizi zina betri, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakuzihusu. Betri nayo huchajiwa kwa umeme uleule unaopanda na kushuka, au kwa jenereta, na huzeeka. Baadhi ya taa za bei nafuu hufifia kadiri betri inavyoisha, bila kutoa onyo. Mwishoni mwa Januari 2025 jiji hili la Goma lilikaa siku kadhaa bila umeme, na uwanja wa ndege ukafungwa. Katika hali kama hiyo kupata betri mpya si jambo la kesho. Wengine husema tuongeze sekunde. Inasaidia kwa kiasi, lakini huwezi kujua uongeze ngapi kama hujapima, na ncha ya taa iliyogandwa na mabaki ya resini haiponi kwa sekunde. Kurudi kwenye amalgamu si njia tena: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana Novemba 2025 kuikomesha ifikapo 2034.

Bila kuvilaumu vituo, ambavyo vinafanya kazi katika mazingira magumu, napendekeza taa ipimwe kwa radiometa kila wiki na namba iandikwe daftarini. Ncha ifutwe baada ya kila mgonjwa, ishikwe karibu kabisa na jino, na tabaka lisizidi milimita 2. Betri ichajiwe kupitia kidhibiti cha umeme. Wanunuzi waulize nguvu ya taa kabla ya bei. Taa ikipimwa chini ya miliwati 400, isitumike kwa plombaji ya magego. Jino lizibwe kwa glasi ionoma, ambayo huganda kwa kemikali bila taa, na ambayo ndiyo nguzo ya ART, mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila mashine, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Glasi ionoma huchakaa haraka zaidi ya resini iliyoiva, hilo sipingi, ila naichagua mbele ya resini mbichi. Na narudia: taa ipimwe.

Kwa kuwa si kila kliniki inaweza kununua radiometa, naiomba semina hii iamue leo, kabla hatujatawanyika, kifaa kimoja kinunuliwe kwa mchango na kizungushwe kliniki hadi kliniki.