Gati Binafsi na Ujenzi Ufuoni: Soma Tangazo Kabla Zege Halijakauka

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wavuvi, wazee wa mtaa, akina mama wauza samaki na wenye viwanja vya ufuoni, Kilifi. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Mimi si wakili wala si mhandisi. Kazi yangu ni kuandika na kusambaza matangazo ya serikali ya kaunti, na kwa sababu hiyo watu hunisimamisha njiani. Kuanzia Mtwapa hadi Takaungu, kutoka Mida hadi Malindi, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Mtu amejenga gati mpaka ndani ya maji. Kwani bahari imeuzwa?"

Jibu fupi ni kwamba bahari haiuzwi. Jibu refu ndilo lililotuleta hapa.

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 62 kinasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Sakafu ya bahari nayo ni ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kifungu hicho hicho kinasema ardhi ya umma haiwezi kutolewa wala kutumiwa ila kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa na Bunge.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Ukiwa na hatimiliki ya kiwanja cha ufuoni, haki yako haivuki alama ya maji kujaa. Ule mchanga unaofunikwa na kufunuliwa kila siku si wako, si wa hoteli, wala si wa afisa yeyote. Mvuvi anayepita hapo na nyavu begani hajaingia kwako. Amepita kwenye mali yake na yako pia.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu, lile la mita 60. Kanuni za Upimaji Ardhi za 1994 zinasema kwamba ardhi ya serikali ya ufuoni inapopimwa ili igawanywe, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa huachwa kwa matumizi ya serikali. Lakini kanuni hiyo inaruhusu waziri kupunguza upana huo katika hali maalum. Vilevile kuna viwanja vilivyopimwa zamani, kabla ya kanuni hiyo. Kwa hivyo usimwendee jirani na futi kamba ukamwambia nyumba yake ni haramu. Nenda kwanza kwenye afisi ya ardhi, omba kuangalia ramani ya upimaji ya kiwanja hicho, kisha useme.

Sasa tuje kwenye gati lenyewe. Je, gati ni kitu kibaya? Hapana. Wavuvi wetu wanahitaji mahali pazuri pa kuteremshia samaki. Hoteli inahitaji mahali wageni wapandie boti bila kuzama kwenye matope. Na gati huleta kazi kwa mabaharia, mafundi na walinzi. Shida ni gati lililojengwa vipi, wapi, na nani aliulizwa.

Gati la nguzo huacha maji na mchanga vipite chini yake. Gati la kujaza mawe na udongo ni ukuta. Mchanga wa pwani yetu hausimami mahali pamoja, husukumwa na kusi, ukarudishwa na kaskazi. Ukiuziba njia kwa mawe, upande mmoja utajaa mchanga na upande wa pili utaliwa. Mwenye gati atafurahia ufuo mpana, na jirani yake ataamka siku moja akute mnazi umelala majini.

Ukuta wa kuzuia bahari ni hivyo hivyo. Wimbi likigonga zege hurudi na nguvu yake, likachimba mchanga ulio mbele ya ukuta. Mwisho wa ukuta ndipo maji hula zaidi, na hapo ni kwa mtu mwingine. Ndipo na yeye anapojenga wake, na wa tatu hivyo hivyo, mpaka ufuo wote unakuwa kuta na mchanga hakuna.

Ndani ya hori zetu, zile tunazoziita kriki, kuna mikoko na nyasi za bahari. Mikoko hushika matope, huvunja nguvu ya mawimbi, na ndani ya mizizi yake ndimo samaki wadogo, kamba na kaa hukulia. Tangu mwaka 1932 mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali. Kukata mikoko ili upate mwanya wa gati, bila idhini ya Huduma ya Misitu, KFS, ni kosa hata kama mikoko hiyo imesimama mbele ya sebule yako.

Halafu kuna suala la njia. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hukaribia mita 4. Gati linaloonekana juu sana maji yakipwa, yakijaa laweza kumzuia mtu wa mtumbwi kupita chini yake. Kwa hiyo mchoro wa gati usomwe kwa maji yote mawili, na wa kuusoma vizuri kuliko sisi wote wa afisini ni mvuvi.

Nani hutoa ruhusa? Hapa ndipo watu huzungushwa, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kwanza ni kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna anayeruhusiwa kuanza ujenzi bila kibali cha kaunti. Anayeanza bila kibali aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Pili ni NEMA, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, inayochunguza athari za mradi kwa mazingira na kutoa leseni. Tatu, kwa kuwa gati linakanyaga ardhi ya umma, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inahusika. Penye mikoko, KFS inahusika. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, KWS inahusika. Na usalama wa vyombo majini una mamlaka zake.

Kibali kimoja hakifungui mlango wa kingine. Mwenye leseni ya NEMA bila kibali cha kaunti bado hana ruhusa ya kujenga. Mwenye kibali cha kaunti bila leseni ya NEMA vilevile. Mtu akikuonyesha karatasi moja, mwulize kwa heshima nyingine ziko wapi.

Sasa nikiri jambo. Miaka kadhaa nyuma, katika afisi nyingine niliyofanyia kazi kabla ya hii, nilipewa tangazo la ujenzi wa ufuoni nilisambaze. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na jina la mahali lilikuwa nambari ya kiwanja tu. Nililibandika kwenye ubao kama lilivyo, nikapiga picha kuthibitisha kazi imefanyika, nikaenda nyumbani. Siku za kutoa maoni zikapita bila barua hata moja. Tukaandika kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi.

Miezi michache baadaye ukuta ulisimama, na njia ambayo akina mama walikuwa wakiipita kwenda kupokea samaki ikafungwa. Mama mmoja alinijia, hakupiga kelele. Aliniambia, "Mwanangu, ile karatasi niliiona. Nilikuwa nikipita hapo kila siku. Lakini haikunitajia kwamba ni hapa petu." Sikuwa na jibu. Kisheria tangazo lilikuwa limetolewa. Kwa kweli halikuwa limemfikia mtu.

Tangu siku hiyo, tangazo la ufuo likipita mkononi mwangu nahakikisha lina Kiswahili, na lina jina la mahali ambalo mwenyeji analijua: bandari fulani, mbuyu fulani, njia ya kwa nani. Na nyinyi mkiona tangazo lisiloeleweka, msilipite. Lipigeni picha, nendeni nalo kwa msimamizi wa wadi au afisi ya mipango, mwulize: hapa ni wapi, kinajengwa nini, na mwisho wa kutoa maoni ni tarehe gani?

Maana muda hausubiri. Tarehe ya mwisho ya maoni huandikwa kwenye tangazo lenyewe. Kaunti ikishaamua kuhusu kibali cha ujenzi, asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya maridhiano ya mipango ya kaunti. Leseni ya NEMA ikishatolewa, rufaa kwa Mahakama Maalum ya Mazingira ni ndani ya siku 60. Na Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira, bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Msidhani ni maneno ya vitabuni. Mwezi Juni 2019, Mahakama hiyo Maalum ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Waliokata rufaa walikuwa wakazi wa Lamu wenyewe, na mradi ulikuwa mkubwa kuliko gati lolote la hapa kwetu.

Mkiandika maoni, msiandike "tunapinga" pekee. Afisa hawezi kupima neno hilo. Andikeni mahali, mnapatumia kwa nini, vyombo vingapi hupita, miezi gani, maji yakiwa wapi. Kama hampingi gati lakini mna sharti, litajeni: liwe la nguzo, mtumbwi upite chini maji yakijaa, liwe na taa usiku, njia ya miguu ibaki wazi. Tengenezeni nakala mbili, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni kama haikufika.

Kwa wenye viwanja na mahoteli, nawaomba mje kwa wavuvi kabla hamjaenda kwa mchoraji. Mazungumzo ya asubuhi moja na BMU yaweza kukuepusha na kesi ya miaka. Na kama gati lako lilishajengwa bila kibali, usingoje notisi. Njoo afisini ueleze.

Kwa vijana nasema hivi. Najua hasira ya kukuta njia ya babu yako imefungwa. Msichukue nyundo. Ukivunja ukuta usiku, asubuhi kesi inakuwa yako, na ukuta haramu unapata mlalamishi halali. Chukueni picha, tarehe na majina ya mashahidi, mlete.

Na kwetu sisi wa serikali, tusijifiche nyuma ya ubao wa matangazo. Tangazo ambalo halijaeleweka halijatolewa.

Nimemaliza. Nitabaki hapa mpaka saa ya maji kujaa, na aliye na karatasi asiyoielewa aje nayo tuisome pamoja.